Mnataka kijiji chenu kiingizwe taun kaunsil, yaani baraza la mji? Anzieni hapa

Kwetu greda ya taun kaunsil ikifika kwenye kalvati inageuza, manake ng'ambo ni gombolola, yaani eneo la vijijini nje ya mji, basi barabara inabaki mashimo mpaka kwenye maduka yetu. Kama nanyi mko hivo, sikieni.

Kwanza mjue hapa Uganda mwenye ploti haingizi ardhi yake mjini peke yake, hata awe na hati. Mpaka unasogezwa na mabaraza, kwa hiyo ombi litoke kwa kijiji kizima. Mwambieni chameni wa LC1, yaani baraza la kijiji, aite mkutano, katibu aandike minitsi, kila mtu aandike jina, namba ya kitambulisho na asaini mwenyewe. Hapo ndo sisi tuliharibu, tulipeleka sahihi bila minitsi, alafu majina kama ishirini yalikuwa na mwandiko mmoja, kalamu moja, jirani mmoja akaenda ofisini akasema mimi sijasaini kitu, faili ikalala pale pale. Pitieni nyumba kwa nyumba, na muanze na wale wanaokataa.

Choreni ramani, onyesheni barabara, mto, shule, na eneo lenu liguse mpaka wa mji, msiruke shamba la mtu katikati. Ombi lipite kwenye muruka (ngazi iliyo kati ya kijiji na gombolola), gombolola ipitishe azimio, taun kaunsil nayo ikubali kuwapokea, ndo liende baraza la wilaya, alafu Waziri wa Serikali za Mitaa. Kama mji uko wilaya nyingine hiyo ni kazi ya Bunge, kifungu 179 cha Katiba. Kisomeni hicho kifungu, kinataja kusogeza huduma karibu na watu, wingi wa watu, na matakwa ya wenyewe, barua yenu ijibu hayo.

Na watu waambiwe ukweli kabla ya kusaini, tafadhali. Ardhi inabaki yako, iwe mailo (umiliki wa kudumu wa kule Buganda) au ya kimila. Kwa sheria ya 2005 nyumba unayokaa mwenyewe hailipiwi kodi ya majengo, ila mizigo, yaani vile vyumba vya wapangaji, na duka vinalipiwa. Gombolola za Mafubira na Budondo ziliingia Jinja City 2020, kaulizeni wenyeji wa huko nini kimebadilika.

Kila ofisi mkifika, kopi yenu igongwe muhuri na tarehe, na ikae kwa katibu wa kijiji.