Jinsi ya Kujua Gharama Halisi ya Kumhudumia Kila Mteja

Mfanyabiashara wa jumla mjini Moshi anayetaka kujua ni mteja gani anayemletea faida asiishie kwenye tofauti ya bei ya kununulia na ya kuuzia, kwa maana gharama nyingi huanza baada ya mzigo kutoka stoo. Chukua daftari la mauzo la mwezi mmoja, na mbele ya kila jina uandike mafuta, posho ya dereva, ujira wa wapakiaji, bidhaa zilizorudishwa na siku ambazo deni lilikaa.

Tuseme duka la Arusha, umbali wa kilomita 80 hivi, linaagiza katoni 100 za sabuni kwa mkupuo, na duka la Marangu linaagiza katoni 10 mara kumi. Mauzo ni sawa. Lakini ikiwa kila safari ya Marangu inagharimu shilingi 30,000, huyo wa karibu anakugharimu 3,000 kwa katoni, ilhali safari moja ya Arusha ya shilingi 120,000 ni 1,200 tu.

Kodi ya stoo igawe kwa nafasi ambayo mzigo unachukua, si kwa mauzo (hapo wengi hukosea). Mteja ghali usimfukuze: mwekee kiwango cha chini cha oda, au mpelekee mzigo siku moja na jirani zake.