Kisu cha porini kwa pesa kidogo: mambo ya kuangalia kabla ya kulipa

Kisu kisichokunjwa, chenye bapa la sentimita kumi hivi na mpini unaojaa kiganja, kinatosha karibu kazi zote za kambini na shambani: kuchonga vigingi vya hema, kuandaa vijiti vya kuwashia moto, kuchuna mbuzi, kukata kamba, kumenya mihogo. Kufyeka na kukata matawi ni kazi ya panga. Ukishazitenganisha kazi hizi mbili gharama inashuka, kwa kuwa huhitaji tena kisu kikubwa kinachojaribu kuwa panga. Pesa kidogo inunue vitu viwili tu: chuma kilichotiwa ugumu sawasawa, na bapa jembamba lililonolewa vizuri. Mengine ni mapambo, na mapambo ndiyo yanayokula bajeti.

Gawa pesa yako mafungu kumi. Saba yaende kwenye kisu na ala yake, matatu yabaki kwa jiwe la kunolea na kipande cha ngozi cha kumalizia makali. Mafungu haya matatu ndiyo yanayosahaulika. Kisu kinakuwa butu, mwenyewe hana jiwe, anakipeleka kwa mtu wa grenda, na grenda inaunguza makali kwa dakika moja.

Vipimo

Bapa liwe na urefu wa sentimita 9 hadi 12. Likizidi 15, ncha inakuwa mbali na vidole na kazi ndogondogo zinakushinda. Unene wa mgongo uwe milimita 2.5 hadi 3.5, na hapa ndipo wanunuzi wengi wanapotea: wanashika kisu cha milimita 5 au 6, wanasikia uzito, wanadhani huo ndio uimara. Bapa nene linapasua badala ya kukata. Viazi vinavunjika kabla makali hayajafika chini, na kila ukichonga mti unasukuma kwa nguvu nyingi, jambo linaloongeza hatari ya kisu kuteleza na kukujeruhi.

Mpini uwe na urefu wa sentimita 10.5 hadi 12, vidole vinne vikae bila kubanana. Umbo la yai linafaa kuliko la mviringo kamili, kwani mpini wa mviringo unazunguka mkononi na gizani huwezi kujua makali yameelekea wapi. Mbao, plastiki ngumu na mpira vyote vinafaa. Chuma kinachong'aa kinateleza mara tu mkono ukipata damu au mafuta.

Mkia, yaani chuma kinachoendelea kutoka kwenye bapa na kuingia ndani ya mpini, ndio unaoamua kama kisu kitadumu. Ulio imara kuliko yote una upana sawa na mpini na unafika hadi mwisho wake. Unaziona kingo zake pande zote, na vipande viwili vya mbao au plastiki vimebanwa juu yake kwa ribiti. Mkia mwembamba unaofika robo tatu ya mpini nao unafaa kwa kuchonga na kukata, mradi plastiki imemiminwa kuuzunguka bila kuacha nafasi. Unaovunjika ni wa aina ya tatu: bolti nyembamba iliyochomelewa nyuma ya bapa na kufichwa ndani ya mpini ulio wazi kama bomba. Vile visu vyenye dira kwenye kifuniko, sindano na ndoana ndani ya mpini, na meno ya msumeno mgongoni, mara nyingi vimeundwa hivyo. Hukatika pale palipochomelewa, kwa sababu joto la kuchomelea limeharibu ugumu wa chuma mahali ambapo nguvu yote ya mkono inakutana. Hata yale meno hayakati mti, yanakwama tu. Tena yanakunyima mgongo laini wa kuwekea kidole gumba.

Chuma

Neno Stainless (chuma kisichoshika kutu) likiwa peke yake kwenye bapa halikuambii chochote. Tafuta namba ya aina ya chuma. Vyuma vya 420J2 na 3Cr13 vina kaboni ya asilimia 0.3 hivi: havishiki kutu upesi na vinanoleka kirahisi, lakini makali yake hayakai. Vinavumilika kwa bei ya chini kabisa, si zaidi ya hapo. 8Cr13MoV ya China ina kaboni karibu asilimia 0.8, na 12C27 ya Sweden karibu 0.6, kwa bajeti ndogo hizi mbili ndizo zinazostahili pesa. Namba 440 isiyo na herufi nyuma yake ichukulie kuwa 440A, ya chini katika ukoo wake. Kwenye vyuma vya kaboni vinavyoshika kutu, tarakimu mbili za mwisho ndizo kaboni yenyewe: 1075 ni asilimia 0.75, 1095 ni 0.95.

Chuma kizuri kisipopata joto sahihi hakina maana. Kwa kipimo cha Rockwell, kinachopima ugumu wa chuma, kisu cha porini kinatakiwa kiwe kati ya 56 na 60. Chini ya 54 makali yanajikunja. Kikizidi 61, chuma cha bei nafuu kinamegeka. Visu vya bei ndogo vyenye michoro ya mawimbi viache: mara nyingi michoro hiyo ni ya asidi juu ya chuma laini, na hata pale ilipo ya kweli, yaani ya tabaka za chuma zilizofuliwa pamoja, mtengenezaji aliyebana gharama amebana kwenye ugumu usioonekana kwa macho.

Unanunua wapi

Ukiwa na ndugu anayekuja kutoka Ulaya, mwagize kisu cha kampuni ya Morakniv. Mji wa Mora nchini Sweden umetengeneza visu kwa karne kadhaa, na kule mafundi wa ujenzi huvitumia kama vifaa vya kawaida vya kazi. Aina yao iitwayo Companion, ya chuma cha 12C27, ina bapa la sentimita 10.4 na unene wa milimita 2.5, ala ya plastiki iko humo humo, na mara nyingi inauzwa chini ya euro 25. Mkia wake haufiki mwisho wa mpini, hivyo usikitumie kisu hiki kubandulia vitu. Makali yake yana mteremko mmoja mpana tu, kwa hiyo hata anayejifunza kunoa anaulaza mteremko huo juu ya jiwe na pembe inajipanga yenyewe. Ukikiagiza kwa posta, jumlisha usafirishaji na ushuru kabla ya kushangilia bei, kwani vinaweza kuipita bei ya kisu chenyewe.

Pili ni kisu cha bucha, kile chembamba cha kutolea nyama kwenye mifupa, cha kampuni kama Tramontina au Victorinox. Kipo mjini, chuma chake kinaaminika, mpini haunyonyi maji. Hakifai kupasulia kuni, ila kwa nyama, samaki, kamba na mboga kinavishinda visu vingi vinavyoitwa vya porini. Tatizo lake ni kukosa ala. Ala unaitengeneza mwenyewe kwa bomba la maji la plastiki la inchi mbili: kata kipande kirefu kidogo kuliko bapa, kipashe mbali kidogo na makaa, mahali penye upepo, hadi kilegee, chomeka kisu kilichozungushiwa karatasi nene, bana kati ya mbao mbili, acha kipoe. Kikianza kutoa moshi umekosea: moshi wa plastiki hiyo ni sumu, kiondoe motoni na ukae mbali nao. Toboa tundu dogo chini ili maji yatoke.

Tatu ni mhunzi, na hapa pana thamani kubwa kwa anayejua kuuliza. Kamukunji jijini Nairobi, na kwenye masoko mengi ya mikoani, mafundi wanatengeneza visu kwa springi za gari. Springi za bapa, vile vyuma virefu vilivyopangana chini ya gari, ni chuma chenye kaboni ya asilimia 0.5 hadi 0.6, kigumu kuvunjika, na kinafaa kabisa. Kinachoharibu ni njia ya mkato. Springi ikiwa kwenye gari ina ugumu wa Rockwell 45 hivi, ili ipinde na kurudi. Fundi akiikata kwa grenda, akaichonga na kuitia mpini, umepata ugumu huo huo: unafaa panga, haufai kisu kidogo. Akiichoma na kuifua kisha akaiacha ipoe yenyewe, imekuwa laini zaidi ya hapo. Ndiyo maana visu vingi vya sokoni vinakata siku ya kwanza tu.

Mwagize hivi. Kwanza, springi isiwe na nyufa. Iliyochoka kwa kubeba mizigo inaweza kuwa na nyufa nyembamba kama unywele, kwa hiyo aisugue kwa msasa na mtazame pamoja. Nondo ya ujenzi ikatae, chuma chake hakitabiriki. Alifue bapa hadi milimita 3 au 3.5, mkia uwe na upana wote wa mpini, ribiti mbili au tatu. Makali ayachonge mapema lakini abakize unene wa karibu milimita moja, kwa sababu makali membamba hupinda na kupasuka yakizamishwa kwenye mafuta. Kisha alipashe bapa hadi sumaku isishike tena, ambayo ni karibu nyuzi 770 za Selsiasi, aongeze moto kidogo hadi rangi ianze kuelekea chungwa, na alitumbukize kwenye mafuta ya kupikia yaliyopashwa vuguvugu. Si maji. Springi ikizamishwa kwenye maji mara nyingi inapasuka, wakati mwingine kwa mlio unaousikia.

Hapo kisu ni kigumu lakini kikianguka sakafuni kinaweza kukatika. Lazima kilegezwe. Oveni ya nyumbani inatosha: nyuzi 200, dakika 60, kipoe, kisha urudie. Bila oveni, bapa lisuguliwe liwe jeupe, mgongo uwekwe juu ya chuma cha moto, na kazi isimamishwe mara makali yanapogeuka rangi ya majani makavu. Rangi ikifika buluu kwenye makali, ugumu umepotea na kazi inaanza upya. Kuanzia hapo anayetumia grenda achovye bapa kwenye maji kila baada ya sekunde mbili tatu. Mlipe fundi vizuri kwa hatua hizi; zinamgharimu mkaa na muda, na ndizo unazonunua.

Kukagua kabla ya kulipa

Elekeza makali kwenye mwanga na utazame kutoka juu. Makali yaliyonolewa hayaonekani; pakimeta, hapo ni butu au pamemegeka. Kitazame kwa urefu kutoka kwenye mpini hadi ncha, uone kama kimepinda. Tikisa mpini karibu na sikio: sauti yoyote ni mkia uliolegea. Kishike kwa nguvu kwa dakika nzima kana kwamba unachonga, na pale panapouma sasa ndipo patakapotoa malengelenge. Kukata karatasi kunapima unoaji, si ugumu. Ugumu unapimwa kwa tupa: muuzaji akikubali, isukume taratibu sehemu iliyo karibu na mpini. Ikiteleza au ikikwangua kwa shida, chuma ni kigumu. Iking'ata na kutoa unga kirahisi, rudisha kisu mezani.

Ala nayo ikaguliwe. Igeuze juu chini juu ya meza, mbali na miguu, uitikise, kisu kisitoke. Kichomoe polepole uone kama makali yanakata mkanda wa kufungia, kosa la kawaida kwenye ala za kitambaa. Ala ya ngozi ni nzuri nyanda za juu. Kwa Mombasa, Tanga au Unguja inashika unyevu wa chumvi na kukila kisu kikiwa ndani. Huko chukua plastiki, na bapa liwe lisiloshika kutu. Bara, chuma cha kaboni hakina shida ukikifuta na kukipaka mafuta ya kupikia kiduchu. Madoa ya kijivu baada ya kukata limao au nyanya si kutu, yaache. Wekundu ndio wa kusugua siku hiyo hiyo.

Wiki ya kwanza

Usihukumu makali ya dukani. Mara nyingi sehemu ya mwisho kabisa imepata joto la mashine, na chuma kizima kiko chini yake. Noa mara mbili au tatu kwa jiwe la pande mbili, wa chembe namba 400 na ulio laini zaidi namba 1000, lililoloweshwa maji: sukuma upande mmoja hadi uhisi kwa kidole gumba ukingo mdogo umejitokeza upande wa pili, ndipo ugeuze. Malizia kwa kuvuta bapa kwenye ngozi kinyumenyume mara 20 kila upande.

Kisha kijaribu. Chonga mti mkavu na mgumu, kama mkaratusi, kwa dakika kumi, halafu tazama makali kwenye mwanga. Yakiwa yamejikunja, ongeza pembe kidogo unaponoa. Yakirudia kujikunja, chuma ni laini na hakuna jiwe litakalokiponya. Yakimegeka kwenye kisu cha mhunzi, kirudishe kilegezwe tena kwa nyuzi 220. Ukitaka kupasua kuni kwa kugonga mgongo wa kisu, tumia kigongo cha mti, si nyundo wala jiwe, kuni zisizidi unene wa kifundo cha mkono, na ukwepe vifundo vya mti. Safarini kikae ndani ya ala, chini kabisa ya begi na vifaa vya kambi, na uwanja wa ndege kiende kwenye mzigo unaokabidhiwa.