Uliza kwanza: majani yanachachukia wapi?
Ukilinganisha mifumo ya mmeng'enyo ya wanyama, usianze kwa kukariri majina ya viungo. Jiulize: majani yanachachuka, yaani yanavunjwavunjwa na vijidudu, kabla ya utumbo mwembamba au baada yake? Ng'ombe huyachachusha kabla, kwenye rumeni, chumba kikubwa kuliko vyote vinne vya tumbo lake, huku akicheua. Virutubisho vingine hufyonzwa kwenye rumeni yenyewe, vingine vikipita utumbo mwembamba. Farasi na sungura huchachusha baadaye, kwenye utumbo mpana, hivyo virutubisho vingi huwaponyoka. Ndiyo maana sungura hula tena kinyesi chake kilaini. Usimcheke, huo ni mlo wa pili! Kuku hana meno. Firigisi na vijiwe alivyomeza humsagia. Paka, mla nyama, utumbo mfupi unamtosha.