Kiangazi Hiki, Alika Watu Wawili Tu

Mke wangu alipofariki, miaka miwili ilipita bila mgeni kula kwangu. Yeye ndiye aliyekuwa akipokea watu; kazi yangu ilikuwa kuketi na kusema "ongezeni chai". Nilipojaribu tena, hapa Tororo, mashariki mwa Uganda, nilikosea vibaya. Nilikopa hela, nikanunua kuku wawili, nikaalika watu kumi na wawili baada ya ibada. Tangu saa tano niko kwenye sigiri, jasho linanitiririka, nawanung'unikia wageni ambao hata hawajafika. Walipobisha hodi wakamkuta mzee amekunja uso. Sasa Petro, kwenye waraka wake wa kwanza, sura ya 4, anataka tukaribishane pasipo kunung'unika. Hiyo ndiyo mizani yangu siku hizi. Jambo likianza kuninung'unisha, nalipunguza.

Ndiyo maana nasema wawili. Watatu, kama mmoja ni mtoto. Wape habari siku moja kabla, tena uwaambie mtakula nini ili mtu asije na hamu ya pilau. Usianze na wale watakaokualika wiki ijayo. Bwana Yesu alishalisema hilo katika Luka 14. Mimi hutazama nani anatoka kanisani peke yake. Mwalimu aliyehamishiwa hapa juzi na bado anauliza njia ya sokoni. Dereva wa trela kutoka Mombasa ambaye karatasi zake zimekwama mpakani Malaba tangu Alhamisi. Huyo wa mwisho mpe maji ya kuoga kwanza, chakula kitafuata.

Na maji ndiyo kazi yenyewe wakati wa kiangazi. Mwezi wa kwanza bomba letu hutoa kwa kusuasua, basi najaza jerikeni usiku. Ya kunywa nayachemsha Jumamosi jioni, yakipoa nayamimina kwenye mtungi wa udongo. Friji sina. Mtungi hutoa jasho kupitia vitundu vyake, na jasho hilo likikaushwa na upepo huondoka na joto la maji. Kwa hiyo usiupake rangi, wala usiufungie kabatini. Uweke kivulini penye upepo, juu ya mchanga uliolowa. Wangu uko kwenye kona ya baraza. Funika kwa sahani, na uwe na kata ya mpini mrefu ili mkono wa mtu usiguse maji. Ukiwa mpya utatoa ladha ya udongo. Ujaze, umwage, ujaze tena, siku tatu hivi, kabla hujampa mtu.

Mkeka tandika chini ya mti, maana nyumba ya mabati saa nane mchana ni tanuri. Lakini pima kivuli. Mwembe wangu, saa saba kivuli kiko shinani. Ikifika saa kumi kimeshahamia mashariki, karibu na ukuta wa jirani. Wageni wangu wa kwanza niliwahamisha mara tatu kama kuku na vifaranga. Tandika pale kitakapofika.

Chakula changu ni kimoja: viazi vitamu na mchuzi wa karanga. Hauna nyama, kwa hiyo jirani yangu Mwislamu anakula bila kuuliza nani alichinja. Kwa watu wanne, robo kilo ya karanga zilizosagwa inatosha. Zikoroge na maji baridi vikombe vitatu mpaka mabonge yaishe. Kaanga kitunguu kimoja na nyanya mbili, mimina karanga, kisha usiondoke hapo. Koroga mpaka ichemke, maana mchuzi huu hufurika ghafla na kuzima makaa (jirani zangu wote wanajua harufu ya makaa yangu yaliyozimwa na karanga). Ikishachemka, punguza makaa, uache utokote nusu saa bila kufunika. Mafuta yakianza kuelea juu, tia chumvi. Viazi vimenye, uvifunge kwenye jani la mgomba, uvipike kwa mvuke. Maembe yakiwepo, yakatwe mbele ya wageni.

Kunawisha mikono usimwachie mtoto. Mimi mwenyewe nashika jagi na beseni. Kijana wa watu akiona mzee anammiminia maji hushtuka, anataka kuninyang'anya jagi, na hapo mazungumzo yameshaanza. Sala iwe fupi. Nimewahi kuombewa chakula mpaka kikapoa.

Mwishoni mwa Mei, hata hivyo, hesabu ya wawili huniponyoka. Mahujaji kutoka Kenya hupita kwa miguu kuelekea Namugongo, karibu na Kampala, wawahi sikukuu ya Mashahidi wa Uganda ya tarehe 3 Juni, siku ambayo mwaka 1886 Karoli Lwanga na wenzake walichomwa moto kwa ajili ya imani yao. Kutoka hapa bado wana kama kilomita 200. Mimi ni Mwanglikana, wa Kanisa la Uganda, na wengi wao ni Wakatoliki. Miguu huvimba sawasawa. Usihangaike na sahani. Waandalie beseni la maji ya uvuguvugu yenye chumvi, choo kilichofagiwa na karatasi ndani, waya wa kuchajia simu nyingi kwa pamoja, na mikeka barazani. Malengelenge usiyatoboe hata wakikuomba. Uji uwe tayari kwenye chupa ya chai saa kumi alfajiri, kwa sababu wanaondoka kabla jua halijawaka.

Mgeni wa kawaida msindikize mpaka steji ya boda boda. Usiagane naye mlangoni, hata kama umechoka. Yule mwalimu alikula kwangu saa mbili nzima akizungumzia mpira. Tulipofika kalavati la barabara kuu ndipo akasema mama yake amelazwa na yeye hana nauli ya kwenda kumwona. Boda mbili zikapita, hatukuzisimamisha. Tukaomba palepale, macho wazi, kwa sababu ya matrela.