Namna ya kuokoa kaseti zako za roki za zamani kabla ukungu haujazimaliza

Wagosi, kama kwenu kuna boksi la kaseti za roki za miaka ya 60 na 70 limekaa uvunguni au juu ya kabati, basi hii inakuhusu. Mimi muziki huu naupenda kupitiliza, Deep Purple, Led Zeppelin, Santana, Creedence, Queen ambao mwimbaji wao Freddie Mercury kazaliwa hapo Unguja mwaka 1946, na wote hao nimewajua kwa kaseti, kwa hiyo nikiona mtu anatupa kaseti jalalani eti imekufa roho inaniuma kweli. Nyingi hazijafa. Mara nyingi tatizo ni redio chafu, au kipande kidogo cha ndani ya kaseti kimedondoka, sauti yenyewe bado iko pale pale kwenye mkanda.

Kwanza amua uanze na zipi. Watu wengi wanakimbilia zile za kiwandani zenye kava zuri, mimi nasema hizo weka mwisho. Albamu ya Pink Floyd ya mwaka 1973 ukiitaka leo usiku unaipata mtandaoni tena safi. Usichokipata popote ni ile kaseti iliyoandikwa kwa peni, mjomba alikaa mbele ya redio akarekodi, upande A roki, upande B bendi zetu za Tanga, Jamhuri Jazz au Atomic, na mtangazaji anaingilia wimbo kabla haujaisha. Tanga hii gita la umeme halikuwa kitu kigeni, hata kikundi cha taarab cha Black Star walikuwa wanapiga nalo, ndo maana wazee wetu walichanganya hivyo bila wasiwasi. Zile ndo za kuokoa kwanza. Na usiamini kava, fungua kila boksi usikilize, maana wengi walikuwa wanaziba yale matundu ya mgongoni kwa karatasi wanarekodi juu yake, unaweza kukuta kava la roki ndani mawaidha, au kava la mawaidha ndani roki tupu.

Ukishazichambua, vunja vile vijino viwili vya mgongoni, au toa karatasi kama matundu yameshazibwa. Ni kazi ya sekunde chache na inazuia mtu kubonyeza rekodi kwa bahati mbaya akafuta kila kitu.

Sasa ukungu. Sisi wa pwani ndo adui yetu mkubwa, hewa ya hapa ina unyevu mwaka mzima na masika ndo kabisa. Shika kaseti mbele ya taa, angalia kwenye kidirisha, ukiona unga mweupe kwenye mzingo wa mkanda usiipige hata kidogo, kwa sababu ule unga unahamia kwenye redio halafu redio inaambukiza kaseti nyingine zote. Itenge. Iweke siku kadhaa sehemu kavu yenye hewa, sio juani, jua linapinda plastiki, halafu vaa barakoa, toka nje, uzungushe mkanda taratibu kwa peni huku kipande cha kitambaa laini kikavu kikigusa mkanda pale unapopita. Inachosha lakini inafanya kazi. Vile vipakiti vya chembechembe vinavyokuja na viatu vipya usivitupe, viweke kwenye boksi la kaseti vinanyonya unyevu.

Mashine nayo. Ukipata deki kubwa ya zamani ni bora zaidi, ila redio kaseti nzima nayo inatosha. Uliza mafundi redio wa Ngamiani hapa Tanga, wachache waliobaki wanajua nani ana nini, na mwambie fundi abadilishe belti kabla hujaipeleka nyumbani, belti ikilegea muziki unavutika na mwimbaji anakuwa kama ana usingizi. Kwa kusafisha usitumie marashi wala petroli wala maji. Tafuta isopropili ya asilimia 90 kwenda juu, mafundi simu wanasafishia bodi kwa hiyo hiyo hivyo waombe wakuelekeze wanakonunua. Chovya kijiti cha pamba, sugua hedi, yaani kile kichwa kidogo cha chuma kinachosoma mkanda, mpaka pamba itoke nyeupe, kisha kile kipini cha chuma kinachozunguka, kisha roli ya mpira inayobana mkanda, ile usiiloweshe sana. Subiri ikauke. Ule uchafu wa rangi ya kahawia unaotoka ni unga wa mkanda, na ndo unaofanya redio ikae inakula kaseti.

Hapa kwenye hedi naomba utulie na mimi kidogo kwa sababu ndo siri yenyewe. Mkanda wa kaseti una upana wa milimita 3.81 tu na unapita kwa spidi ya sentimita 4.76 kwa sekunde, ndani ya upana huo kuna njia nne za sauti, kushoto na kulia za upande A na kushoto na kulia za upande B. Hedi ina ufa mwembamba ambao lazima usimame wima kabisa kwa mkanda. Ukilala kidogo tu, sauti nyembamba zote zinapotea, unabaki na besi na mvumo, na hapo ndo mtu anasema kaseti imekufa. Angalia pembeni ya hedi utaona skrubu mbili, mara nyingi moja ina springi, ndiyo hiyo ya kurekebishia. Weka alama ya wino pale ilipo ili ujue pa kurudi. Piga kaseti, tafuta sehemu ambayo mpiga dramu anapiga zile sahani, tia bisibisi ndogo isiyo na sumaku, zungusha kidogo sana huku na huku. Utasikia sahani zinatoka gizani, tsss tsss tsss, halafu ukipitiliza zinazama tena. Simama pale zinapong'aa kuliko popote. Kama una namna ya kuunganisha kushoto na kulia ziwe sauti moja, fanya hivyo wakati unazungusha, tofauti inasikika wazi zaidi. Na hii unairudia kwa kila kaseti ya kurekodi nyumbani, kwa sababu kila moja ilirekodiwa kwa redio yake na hedi yake ilivyokaa.

Ikiwa bado sauti inakuja inapotea, ifungue. Zenye skrubu tano ni rahisi, zilizogundishwa zinataka kisu na subira. Katikati chini kuna kijispringi cha shaba chenye kipande cha pamba ngumu kama kucha ya kidole kidogo, kazi yake kuukandamiza mkanda kwenye hedi. Gundi yake inakauka kinadondoka. Chukua cha kaseti nyingine usiyoihitaji, kihamishe. Mkanda ukiwa umekatika, unga ncha kwa ncha zisipandane, gundisha upande usiogusa hedi kwa utepe maalumu wa mikanda, selotepu ya kawaida gundi yake inatoka kwenye joto hili letu inashika mizingo ya jirani. Zile za C120, yaani za dakika 120, ziendee pole pole, mkanda wake ni mwembamba sana unanyooka au kukatika kirahisi.

Kabla ya kurekodi, peleka kaseti mbele mpaka mwisho na urudishe mpaka mwanzo, mkanda ukae sawa, maana uliokaa miaka bila kuzungushwa unashikana.

Kuingiza kwenye kompyuta watu wanakosea kitu kimoja, wanachomeka waya kwenye tundu la maiki la laptopu. Tundu hilo kwa kawaida linachukua upande mmoja tu wa sauti, na roki ya miaka ya 60 hiyo ni hasara kubwa, stirio za wakati ule mara nyingi ziliweka mwimbaji upande mmoja na vyombo upande mwingine, sikiliza za mwanzo za Beatles utaona, ukipoteza upande mmoja umepoteza mtu mzima. Nunua saundi kadi ndogo ya USB yenye tundu la kuingizia stirio. Programu tumia Audacity, ni ya bure. Weka hertzi 44,100, biti 16 au 24, na angalia kipimo cha sauti kisivuke desibeli -6 pale wimbo unapopamba moto, kikigonga sifuri sauti inapasuka na huwezi kuirekebisha tena. Hifadhi kama WAV au FLAC kwanza, hizo ni faili zisizopunguza sauti, MP3 tengeneza baadaye ya kuweka kwenye simu. Kaseti ya dakika 90 kwa WAV ya biti 16 ni karibu giga moja, flashi ya kawaida inabeba nyingi tu.

Usiwe na haraka ya kufuta ule mvumo. Programu inao uwezo, ila ukizidisha inafuta na mwisho wa kila sahani na ile hewa ya chumba walichopigia, gita la Santana linabaki kama limefungiwa kwenye chupa. Mimi naacha mvumo ulivyo, sikio linauzoea baada ya dakika mbili. Na sauti ya mtangazaji usiikate kabisa, iache iwe sehemu ya faili, hasa akitaja tarehe au jina la kipindi.

Spidi ihakikishe kwa kaseti ya kiwandani, hapo ndo ile albamu uliyoiweka mwisho inakufaa. Chukua wimbo mmoja, linganisha urefu wake na ule wa mtandaoni ambao ni toleo hilo hilo. Kama wa kwako unachelewa kumaliza, mashine yako inakwenda taratibu, ndani ya mota mara nyingi kuna kitundu cha skrubu cha kurekebishia, mwachie fundi kama hujawahi kukigusa.

Faili ziandike jina lililoandikwa kwenye kaseti lilivyo, hata kama mjomba kakosea herufi za Creedence, ongeza nani alirekodi na mwaka kama wazee wanakumbuka. Weka nakala mbili sehemu mbili, moja kwako moja kwa ndugu. Kaseti zenyewe zirudishe kwenye maboksi yao, zisimame wima kama vitabu, mbali na spika kwa sababu ya sumaku, na mbali na ukuta unaopata mvua.