Jinsi ya kutengeneza bibliografia inayohesabika kama utafiti

Wengi wanadhani bibliografia ni ile orodha ya vitabu ya mwisho wa tasnifu tu, hapana jamani, kuikusanya yenyewe ni utafiti, msomi wa Uswisi Conrad Gessner alishachapisha ya kwake tangu 1545.

Kwanza weka mipaka, mada gani, lugha zipi, mwaka gani mpaka gani, na andika kabisa vitu ambavyo hutaingiza, la sivyo kazi haiishi. Halafu ingia WorldCat, ile katalogi ya mtandaoni ya maktaba nyingi duniani, na katalogi za maktaba za taifa, ila usinakili tu ulichokikuta.

Hapa ndo penye kazi sasa. Ukiweza shika kitabu chenyewe, fungua ule ukurasa wa ndani wenye jina kamili, sio jalada maana jalada mara nyingi linafupisha, geuza nyuma yake uone mwaka, mchapishaji na kama ni toleo jipya au wamechapa tena lile lile. Katalogi moja ikisema 1962 na nyingine 1964 usibahatishe, inawezekana ni matoleo mawili tofauti, andika yote na uweke alama mpaka uhakikishe. Ambacho hujakiona kwa macho kiwekee nyota, msomaji ana haki ya kujua.

Vitabu vya kabla ya 1970 usitegemee ISBN, ile namba ya kutambulisha kitabu, kwa kawaida havikuwa nazo.

Kuhifadhi tumia Zotero, programu ya kutunza marejeo, ni ya bure. Mwandishi anayeandika kwa majina mawili matatu tofauti mchagulie moja, mengine yaelekeze hapo.