Kompyuta ya RAM ndogo ikikwama: pima kwanza, ndipo uongeze swapu

Steshenari nyingi za mjini Kigoma, kuanzia Mwanga hadi Ujiji, zinatumia kompyuta za mezani za mtumba. Mteja mmoja anataka CV, mwingine anajaza fomu ya chuo, brauza imefunguliwa vichupo kumi, na mara kipanya kinaganda. Fundi wa haraka atakwambia ufomati. Usikubali. Maelezo haya ni ya Ubuntu, mfumo endeshi wa aina ya Linux. RAM ni kumbukumbu ya muda ya kompyuta; swapu ni nafasi ya diski inayoisaidia RAM ikijaa.

1. Pima. Fungua teminali, andika:

`vmstat 1`

Angalia safu za `si` na `so`. Mstari wa kwanza uruke, ni wastani tangu mashine iwashwe. Kinachopimwa ni hiki: kila programu hupewa anwani pepe, ikajiona ina kumbukumbu yote peke yake. Prosesa huzigeuza kuwa anwani halisi kwa kufuata jedwali la kurasa (vipande vya kumbukumbu) linalotunzwa na keneli, yaani kiini cha mfumo endeshi, na kwa kawaida ukurasa mmoja ni KB 4. RAM ikibana, keneli huzihamishia diskini kurasa ambazo hazijaguswa kwa muda (`so`). Programu ikizihitaji tena, husimamishwa hadi zirudishwe (`si`). Ujanja huu ni wa zamani, ulikuwepo kwenye kompyuta ya Atlas kule Manchester mwaka 1962.

Safu zote mbili zikipanda bila kutulia, swapu zaidi haitakusaidia. RAM hujibu ndani ya nanosekunde mia hivi, diski ya kuzunguka huchukua milisekunde kadhaa. Funga vichupo, au nunua RAM. Lakini kama brauza inajifunga ghafla, huenda keneli ndiyo inayoiua kwa kukosa pa kuweka kurasa. Hapo endelea.

2. Andika `free -h`. Usitishwe na udogo wa `free`, maana keneli hutumia RAM iliyolala kuhifadhi faili. Soma `available`, kisha mstari wa `Swap`.

3. Tengeneza faili:

```
sudo fallocate -l 2G /swapu2
sudo chmod 600 /swapu2
sudo mkswap /swapu2
sudo swapon /swapu2
```

Mstari wa pili watu huuruka. Ndani ya faili hii inaweza kuangukia nywila ya mteja aliyeingia kwenye barua pepe yake. Asiisome mtumiaji mwingine yeyote.

4. Ili idumu ukizima mashine, nakili kwanza `/etc/fstab` pembeni, kisha ongeza mwishoni mwake:

`/swapu2 none swap sw 0 0`

Washa upya, hakikisha kwa `swapon --show`.

Ukiamua kununua RAM, andika kwanza `sudo dmidecode -t memory` usome aina yake. DDR3 haiingii kwenye tundu la DDR4, hata muuzaji aape vipi.